Oili ya Baba Mkwe Niliyoimwaga Akiwa Ibadani

Mpendwa Bi Adelina,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana usingizi umenipaa na mke wangu Yvette ameanza kuniuliza nina nini na mimi namjibu ni uchovu wa kazi, kumbe si uchovu, ni oili, ndiyo, oili ya injini, usicheke kwanza, nisome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Bukoba, huku Toronto natengeneza kompyuta za hospitali, na kwa miaka minne nimekuwa nikifufua Chevelle ya mwaka 1970 kwenye gereji ninayopangishwa na jirani yetu Cliff hapa Mount Dennis, gari la milango miwili, injini ya V8 niliyoifungua yote nikaitia pistoni mpya, ringi mpya na kemshafti mpya, mpaka Yvette akasema siku itakayowaka ataamini miujiza bado ipo. Sasa baba yake, Papa Hyacinthe, alikuwa fundi mkuu wa malori kule Bukavu miaka thelathini, lakini tangu afike Canada vyeti vyake havikutambuliwa, anafanya usafi kwenye kiwanda cha mikate, na injini hii yangu ndiyo ya kwanza kuigusa tangu aje. Kila Jumamosi tulikuwa tunafunga nati pamoja, yeye anaimba mapambio, mimi namshikia taa. Tulipomaliza akapanda basi kutoka kwake St. James Town na madumu mawili ya oili nzito mkononi, akaniambia, "Mutoto yangu, hii ni ya makamyo. Moteri yako itaipenda." Akaimimina mwenyewe, akaiombea. Nikasema, "Ndiyo, Papa." Kwetu mkwe habishiwi, unajua, ukimbishia kikao kinaitishwa mpaka shangazi aliyeko Bujumbura anapigiwa simu.

Lakini moyoni nilikuwa nimeshaangalia video kumi na saba, na jamaa mmoja wa duka la vipuri alikuwa amenishauri nichukue 5W-30, oili nyepesi ya sintetiki tupu, eti ndiyo ya watu wanaoyapenda magari yao, basi Jumapili nikasingizia mafua, wenzangu wakaenda ibadani, mimi nikaenda gereji nikamwaga oili yote ya Papa, nikatia ya kwangu, ya kwake nikaificha kwenye ndoo nyuma ya matairi ya theluji, na yale madumu yake matupu nikayaacha palepale kwenye rafu ili ayaone asishtuke.

Jumatano akaja. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akasugua tone kati ya vidole viwili, akalinusa, akanitazama. Akafuta vidole kwenye kitambaa, akarudisha kijiti polepole, akasema, "Sawa, mutoto yangu." Tangu siku ile anasema goti linamuuma, Jumamosi hatakuja, na wazee wa kanisa wameshaalikwa waje wamwone yeye mwenyewe akiiwasha injini kwa mara ya kwanza! Je, nirudishe oili yake kimyakimya nijifanye hakuna kilichotokea? Au niendelee na ya kwangu? Na iliyo sahihi hasa ni ipi? Injini ikifa nitavumilia, Bi Adelina, lakini yule mzee asipokuja sijui nitamtazamaje mke wangu.

Nicolaus, Mount Dennis
(Jina usilifiche, gari lenyewe linajulikana kanisa zima.)

*

Nicolaus mwanangu,

Pole sana. Haya, pole nimeshakupa, sasa niache nikuseme.

Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye safu hii nikisoma habari za waume wanaojifungia chooni na simu. Wewe ni wa kwanza kunijia na kosa la kumsaliti mkwe kwa ndoo. Mafua, Nicolaus? Siku ya ibada? Ukaenda kumwaga oili iliyoombewa! Nimecheka mpaka chai yangu imepoa, nisamehe.

Mimi injini siijui, plagi na rangi ya mdomo kwangu ni kitu kimoja. Kwa hiyo nimeipeleka barua yako kwa fundi Ghulamabbas wa Scarborough, ambaye kazi yake ni kufufua magari ya zamani na ambaye hana subira na mtu. Alisoma mpaka hapo kwenye 5W-30, akavua miwani. "Mwambie asiguse ufunguo," akasema.

Sikiliza alivyonieleza. Kwenye injini ya zamani kama yako kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, inasugua tapeti zinazozisukuma hizo vali moja kwa moja, chuma kwa chuma, na kinachoilinda ni zinki iliyomo kwenye oili. Oili nyingi za magari ya siku hizi zimepunguzwa zinki. Ukiwasha na hiyo yako, kemshafti mpya inaweza kulika katika dakika ishirini za mwanzo, wazee wa kanisa wakiwa wanapiga makofi. Tena ringi mpya zinahitaji kusuguana kidogo na silinda ndipo zikae vizuri, na sintetiki inateleza mno kwa kazi hiyo. Papa Hyacinthe naye hakupatia asilimia mia, kwa sababu oili ya malori aliyoizoea ilijaa zinki, na ya leo imepunguzwa vilevile. Nikamuuliza fundi nani alikuwa karibu na ukweli. "Mzee," akasema, "wala usirudie kuuliza." Video zako kumi na saba zote zimeshindwa na vidole viwili.

Shukuru kwamba hujawasha, hakuna kilichoharibika. Mwaga hiyo oili yako. Nunua oili maalumu ya kuanzia injini iliyofufuliwa, isiyo ya sintetiki, yenye zinki nyingi. Ikishawaka usiiache ingurume taratibu, ipandishe hadi mizunguko elfu mbili na zaidi kila dakika, uishikilie hapo dakika ishirini, mtu mmoja akiangalia joto na uvujaji. Kisha izime, mwaga, badilisha filta. Baada ya hapo tumia oili ya kawaida yenye zinki ya kutosha, kwa uzito ulioandikwa kwenye karatasi iliyokuja na kemshafti. Hiyo karatasi najua hujaisoma.

Sasa tuje kwenye goti. Goti halina kitu, baba! Mzee alijua palepale. Angeweza kukuumbua mbele ya Yvette, na mbele ya kanisa pia. Hakufanya hivyo. Amebeba aibu yako mpaka nyumbani kwake na kuiita ugonjwa. Ukirudisha oili yake kimyakimya utakuwa umemdanganya mara ya pili, na mara hiyo atakuwa ameshakuzoea.

Nenda St. James Town kesho. Usipige simu, usimtume Yvette, wala usijifiche nyuma ya sufuria ya pilau. Kaa mbele yake useme, "Papa, niliimwaga oili yako nikakuficha. Nisamehe." Useme hivyohivyo, bila kumtaja yule jamaa wa vipuri.

Na kuna jambo limeniuma katika barua yako, hapa sitanii. Umeziuliza video, umemuuliza muuza vipuri, umeniuliza mimi nisiyejua plagi. Papa Hyacinthe umemjibu "ndiyo" tu. Wewe unaiita heshima, lakini kwa ndiyo hiyo ulimfunga mdomo. Basi ukishaomba msamaha, muulize, "Papa, kwa nini ulichagua nzito?" Kisha nyamaza umsikilize, hata chakula kikipoa, hata akianza na lori la kwanza alilofungua kule Bukavu. Akimaliza, nendeni pamoja kwa Ghulamabbas mkachague oili, amesema umlete. Fanya hivyo, Nicolaus, kwa sababu tangu mzee yule afike nchi hii anaulizwa maswali kila siku, ana karatasi gani, anaishi wapi, anaweza kuanza zamu saa ngapi, na bado hajatokea mtu wa kumuuliza kitu anachokijua.

Adelina