Nani Atashika Fimbo ya Baba

London, Jumapili

Kwako kaka Wekesa,

Natumai mvua ya Kitale imewaruhusu kupanda, na kwamba mgongo wa Mama huko Myanga umepunguza kumsumbua. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Tangu uliponipigia simu kwamba Baba amezikwa, sijalia. Sijui machozi yamekwama wapi.

Juzi bibi mzee ninayemtunza aliniomba nimsukume kwa kiti chake cha magurudumu tukamwone Malkia akipita. Gari lilipotokea watu walisukumana mbele. Mimi nikaketi chini, pale pale kando ya barabara. Si ndivyo tulivyofunzwa? Baba akianza kutembea na fimbo yake, akisema kumuse, ile hotuba ya baada ya maziko ya kuwafariji waliofiwa, hakuna anayesimama wala kumkata njia. Polisi alidhani nimezirai. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Nilimwuliza huyu Malkia anatawala nini. Akasema hatawali. Waziri mkuu na wabunge ndio wanaoamua, yeye hutia sahihi tu. Kijana wa bibi hulalamika kila wanapokula pamoja, ati kodi yake inalisha mtu asiye na kazi. Bibi akaniambia, "Mawaziri huja na kwenda. Lazima abaki mmoja ambaye ni wetu sote."

Nikakukumbuka wewe. Ulisema kwa simu kuhusu kazi ya Baba, "Hiyo ni kazi gani bana, ya kulipwa kondoo?" Ni kweli, Baba hakuwa chifu. Hakuweza kumfunga hata mwizi wa kuku. Waliofiwa ndio waliomlisha, na wengine walinung'unika. Lakini ndugu waliogombania shamba asubuhi waliketi pamoja mbele yake, kimya.

Sasa wazee wanakuletea fimbo, nawe unataka kuwarudisha nayo. Sikulazimishi. Mimi ni mwanamke, haiwezi kuja kwangu, na hilo limenikasirisha mpaka hasira ikaisha yenyewe. Ila ulinieleza kwamba baada ya maziko watu waliketi chini kwa mazoea, wakangoja. Hakuna aliyesimama kusema kumuse, maana aliyekuwa akisimama ndiye mliyemzika. Nawe uliketi nao. Wakala, wakaenda zao.

Nisalimie Mama, wifi yangu mpika pombe ya busaa, na senge, dada yake Baba, aliyenilea.

Mimi bado nimeketi chini, kaka. Nangoja.

Dada yako,
Nafula