Mnyama Nisiyeweza Kumtaja

Kwa Mthembu,
Msinga, KwaZulu-Natal.
22 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Bajabulile,

Habari za Cape Town? Kifua kimepona, au bado unakohoa kila upepo ukivuma? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi maji ya kuku yanaganda kwenye sufuria. Baba mkwe analalamikia goti, mama mkwe anamlalamikia baba mkwe. Shemeji yako bado yuko Johannesburg, na sidhani kama tutamwona kabla ya Krismasi.

Kitabu cha picha za wanyama ulichomtumia Thobile kilifika salama. Asante sana, mdogo wangu. Sasa niache nikugombeze kidogo. Duka zima la vitabu, wanyama wote aliowaumba Mungu, wewe ukaenda kuchagua kitabu chenye yule mkubwa kwenye jalada! Yule mwenye manyoya shingoni, anayenguruma. Umesahau baba mkwe wangu anaitwa nani? Tangu siku nilipoingia lango hili na blanketi la bibi harusi mabegani, sijalitamka jina hilo, liwe la mtu au la mnyama, kama mke yeyote wa hapa asivyomtaja baba mkwe wake. Ukiolewa utanielewa. Hata sasa hivi ninapokuandikia kalamu inakataa.

Ningekificha kabatini, lakini Thobile alikwisha kukiona. Halafu mwalimu wao wa chekechea, Nokwazi, msichana wa Durban, ametutangazia kwamba mtoto atakayeingia shule Januari lazima awe anawajua wanyama kwa majina na aweze kusimulia picha. Naye darasani ana kitabu kama hicho hicho.

Basi kila nilipomaliza kuosha vyombo tulikaa chini, mimi na mwanangu. Tembo, nyati, pundamilia, ngiri, wote aliwashika upesi mpaka nikaona fahari. Tulipofika kwa yule mwenyewe nikamfundisha neno tunalotumia sisi tulioolewa hapa: Mngurumaji. Akaniuliza mbona mwalimu anamwita jina jingine. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwa ukali kwamba jina hilo halitamkwi katika boma hili.

Laiti ningejua! Kesho yake darasani alipoulizwa akasema Mngurumaji, wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akamtaka aseme neno lenyewe, mtoto akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Siku iliyofuata hakutaja hata kuku. Tangu hapo akifika darasani ni kimya, hasemi hata kama anataka kwenda chooni.

Mwalimu akaniita, Thobile akiwa kando yangu.

“Mama Thobile, mtoto wako bado mzito. Tumwache hapa mwaka mwingine. Usijali, mwakani atajua.”

“Mzito? Huyu anayeniongelesha mpaka kichwa kinaniuma?”

“Hapa hasemi, mama.”

Nikamweleza habari ya jina. Akatabasamu kama mtu anayembembeleza mgonjwa. “Si umwambie tu mkiwa njiani? Nani atakusikia?”

Nani atanisikia! Nitajisikia mimi. Nilirudi nyumbani nikitokwa na machozi, na yalikuwa machozi ya hasira, Bajabulile, usidhani ni ya huzuni. Mwanangu arudishwe nyuma kwa sababu nimemlea vizuri?

Nikamwendea mama mkwe, nikamwomba amwambie mtoto kwamba anaruhusiwa. Akaniangalia kama nimemtukana. “Mimi nimezeeka na jina hilo kooni. Leo litolewe kwa ajili ya picha?” Wanawake wengine wa jirani wote wameolewa humu humu, midomo yao imefungwa kama wangu. Baba mkwe mwenyewe, wanaume wenzake humwita Mvelase, jina la sifa la ukoo. Watoto wake humwita Baba. Ukifikiri sana, hakuna hata mtu mmoja anayelitumia jina la mzee huyu. Nilichoka kabisa. Nilitamani kukitia kitabu chako jikoni kiivishe maharage.

Jumamosi mzee alikuwa ameketi kando ya zizi akiota jua, nami napepeta maharage hapo karibu. Namwona Thobile huyo, kitabu kwapani, anamwendea babu yake. Kabla sijainuka alikwisha kulifungua jani lile lile.

“Babu, huyu ni nani?”

Mzee akakisogeza kitabu mbali na macho. “Ah! Huyu ni wajina wangu. Kwani wewe humjui?”

Mtoto akanitazama.

“Usimtazame mama yako. Yeye amefungwa, wewe hukufungwa. Mtaje.”

Akanong'ona.

“Mimi mzee, sisikii vizuri.”

Basi Thobile akajaza kifua hewa, akalipigia ukelele jina hilo mpaka mbuzi wakashtuka. Huko jikoni nikasikia kifuniko cha chungu kinaanguka. Na mzee akaitikia, “Naam!” kama mtoto aliyeitwa na mama yake.

Kisha akapenga kamasi. “Hajaniita hivyo mtu tangu tumzike mama,” akasema, sijui akimwambia nani. “Hebu niite tena.”

Niliinamia maharage yangu. Sikuona tena lipi jema lipi bovu.

Jumatatu Thobile aliwataja wanyama wote, na wale ambao hakuulizwa. Habari ya kurudishwa nyuma imekwisha. Lakini usidhani nimepumzika! Sasa kutwa anamwita babu yake kwa jina kutoka upande huu wa boma hadi ule, na mzee anaitikia naam, naam, mbio kuliko goti linavyomruhusu. Mama mkwe hanisemeshi. Anasema mimi ndiye niliyeleta ubaradhuli huu nyumbani kwake, na kila nikiingia jikoni ananigeuzia mgongo. Nimkaripie mtoto anyamaze tena? Nimruhusu nionekane sina adabu? Nimekwama.

Na si hilo tu. Kila jioni ananiletea kitabu, ananionyesha yule wa jaladani. “Sema, mama.” Nami natazama pembeni. Anadhani simjui. Amekwenda kumwambia mwalimu kwamba mama yake anajua wanyama wote isipokuwa mmoja. Jana nilipokaa kimya tena, akanishika mkono, akanipapasa polepole.

“Usijali, mama,” akaniambia. “Mwakani utajua.”

Nisalimie shangazi Dumazile, na Mfanafuthi mwambie kuandika barua hakuvunji vidole. Mungu akulinde na huo upepo wenu, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Ukituma kitabu kingine, kiwe cha ndege, na kwanza uniulize.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira, mwanafunzi wa Thobile,

Khombisile