Jalada lenye Nywele za Shangazi

Alhamisi jioni, Gikondo.

Shajara, leo usiniulize habari. Mvua imenyesha asubuhi yote, mchana jua likatoka kana kwamba hakuna lililotokea, na mimi nimeshinda nimekunja uso. Nimechemsha chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena.

Nina hasira. Acha niandike hivyohivyo, bila kuipamba.

Kisa chenyewe ni kazi ya chuo. Tumepewa kutengeneza jalada la mbele la jarida, wawili wawili. Picha tupige wenyewe, jina la jarida tulibuni wenyewe, maandishi tuyapange wenyewe. Kesho majalada yote yanatundikwa ukumbini na wageni wamealikwa. Watakaoshinda watapata nafasi ya kujifunza kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji, na hiyo nafasi nimeiota muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwenzangu ni Divine. Tumekaa pamoja tangu mwaka wa kwanza, tumegawana chapati moja, nilikuwa namwita dada.

Jarida letu tuliliita Cherehani, na wa kwenye jalada alikuwa shangazi yangu Mariamu, dada yake baba. Ana duka la kushona hapahapa Gikondo, nyuma ya magereji, anashona ovaroli za wafanyakazi wa viwanda vya Masoro. Mimi ndiye niliyemwomba. Mwanzoni alikataa, akasema sura yake si ya kwenye magazeti, mwishowe akakubali kwa sababu ni mimi.

Tukaenda Jumamosi. Divine alishika kamera, mimi nikashika ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Nilifunga mlango ili vumbi la magereji lisiingie, tukawa wanawake watatu tu mle ndani. Katikati ya kazi mtandio wa shangazi ukateleza. Akauvua aufunge upya, pini mdomoni, kichwa ameinamisha, nywele zake za mvi zimesukwa mistari, na anacheka kwa sababu nilimtania kwamba anajipamba kama bibi harusi. Mbele ya wanawake wenzake mtu hujiachia. Kamera ikalia.

Shangazi akainua macho. Hakukasirika, alisema tu, "Hiyo ifute, mwanangu."

Divine akabonyeza kitufe. "Nimefuta, shangazi."

Hakufuta.

Leo asubuhi naingia darasani, nakuta jalada letu limeshachapwa na limebandikwa ukutani, kubwa kama mlango. Vijana wamesimama mbele yake, mikono kiunoni, wanasifia. Picha ni ileile. Kichwa wazi, shingo wazi. Na jina la jarida limepita nyuma ya kichwa chake, maana yake Divine alikaa kwenye kompyuta akazitenga nywele za shangazi yangu unywele kwa unywele, ili zikae juu ya herufi. Hiyo si kazi ya mtu aliyepitiwa. Aliyepitiwa hupitiwa dakika moja, hapitiwi jioni nzima.

Nilimuuliza mbele ya watu. Akaangalia pembeni.

"Sha, usikasirike," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Hii iko picha mzuri kuliko zote. Ni nywele tu."

Ni nywele tu. Wallahi mkono uliniwasha. Sikumzaba kofi, na mpaka sasa sijui nini kilinizuia. Mimi mwenyewe najifunika. Huyu Divine ameniona mara ngapi nikigeukia ukuta kurekebisha mtandio wangu? Mara nyingine yeye ndiye aliyenisimamia mlangoni, asiingie mwanamume bila hodi. Asingejua, ningemfundisha. Lakini anayejua utamfundisha nini?

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, akanywa chai ya mwenyeji, akala mandazi yake, kisha akamvua mtandio mbele ya mji mzima.

Nikamwendea mwalimu. Nilijua yeye ni mtu mzima, ataelewa. Akaniuliza kama shangazi alikubali kupigwa picha. Nikasema alikubali, ila si hiyo. Akasema picha nzuri hupatikana pale mtu anapojisahau, na kama sitaki kujua hilo nimekosea kozi. Nikamwambia shangazi hakujisahau, alituamini. Alitabasamu kama anayesikiliza mtoto. Jalada libaki, akasema. Tukiliondoa, ukuta wetu utakuwa mtupu na alama zetu ni sifuri, yangu na ya Divine.

Nililibandua. Mbele yao wote, nikalikunja, nikatoka nalo. Divine akanifuata hadi kwenye ngazi, akaniambia, tena bila ubaya, kwamba kazi bado iko kwenye kompyuta na kesho asubuhi watachapa lingine. Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniunguza. Naweza kuchana karatasi hadi kiyama, picha haiondoki.

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Najua nilishuka basi kwenye kituo cha Sonatubes bila sababu, nikatembea kidogo huku nikiongea peke yangu, halafu nikachukua pikipiki. Nadhani dereva alinionea huruma, maana hakunipandishia nauli.

Jua linazama, simu inaita. Shangazi. Ana furaha ya sikukuu. Anataka kujua kesho waje saa ngapi, kwa sababu wanawake wa mtaa wake ameshawaambia wote, na amejishonea gauni jipya la kijani. Nilimwacha aseme yote. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, kwamba shughuli imeahirishwa, kwamba mwalimu anaumwa. Ulikuwa tayari mdomoni. Lakini mwanamke huyu ameshadanganywa mara moja na sisi, inatosha. Nikamweleza.

Nikasikia cherehani yake ikisimama.

"Nani ameiona?"

Nikamwambia darasa zima.

"Na wanaume?"

"Ndiyo, shangazi."

Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza kama ametoka vibaya.

Hapo ndipo niliposhindwa. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote leo, hata wewe shajara nilikuwa nakuficha: picha ni nzuri. Hatukupiga nyingine kama hiyo. Anacheka na mwili wote, mvi zinang'aa, anaonekana kama anavyokuwa tukiwa ndani, sisi kwa sisi, mlango umefungwa. Ningekuwa mgeni, mimi pia ningesimama mbele ya ule ukuta.

"Umetoka vizuri, shangazi."

"Basi ndiyo mbaya zaidi," akasema. "Hiyo sura nilikuwa nimewawekea nyinyi."

Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alisema kesho anakuja mapema kabla ya wageni, na gauni lake na mtandio wake, asimame mbele ya mwalimu na mbele ya Divine, wamwambie yeye mwenyewe kwamba ni nywele tu. Kisha akaniuliza kama nitasimama naye au nina alama za kulinda. Aliniuliza kwa upole, bila kunichoma, ndipo machozi yakanitoka.

Nitasimama naye. Divine atafungua ile kompyuta na atafuta huku shangazi anaangalia, na akigoma sitoki mlangoni mwa ukumbi, mgeni asipite. Nafasi ya kiwandani wapewe wengine. Na hiyo sifuri mwalimu aiandike kesho hiyohiyo, shangazi akiwa pale. Nitaipokea kwa mikono miwili.