Baba, Nimemrudisha Baraka Kitabu cha Darasa la Pili

Mpendwa Baba,

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na huku Fridley, Amerika, mimi nimekuwa mwalimu. Najua ungecheka hadi ukohoe, maana hiyo kazi yako niliapa sitaigusa. Lakini tangu Septemba wajukuu wako, Baraka na Neema, wanasomea nyumbani, kwenye meza ya chakula. Siku za wiki nafundisha mimi. Wikendi nikienda kazini kuuguza wazee, baba yao anashika zamu. Naiweza kazi hii, Baba, tena vizuri.

Kilichonitoa jasho ni kuchagua mtaala. Hapa mzazi anajichagulia mwenyewe, na vitabu vya mwaka mzima vinakuja kwenye boksi moja, kila darasa na boksi lake. Baraka ana miaka tisa, Neema saba. Kabla ya kununua, unampa mtoto jaribio ujue aanzie wapi. Kwenye hesabu Baraka alifanya vizuri sana. Kwenye kusoma, majibu yalisema aanzie darasa la pili, sawa na mdogo wake.

Niliikunja karatasi ya majibu nikaagiza boksi la darasa la nne. Mtoto wangu harudii darasa, nikamwambia mume wangu, na wewe unajua kwa nini.

Unakumbuka ile Januari uliponirudisha darasa la nne, kwenye shule yako mwenyewe, nikakalishwa dawati moja na Musa, mdogo wangu? Nililia, Mama akanitetea. Ukasema tu, "Kugawanya hajajua. Akijua, ataendelea." Muhula mzima nilikuita Mwalimu hata nyumbani, na wewe ukawa unaitika na kuendelea na chai yako. Kugawanya nilikuja kujua, hilo sikunyimi. Lakini siku ya kufunga shule ulisoma matokeo mbele ya wote, Musa wa tatu, mimi wa kumi na moja, na hata sauti hukupunguza. Iliniuma sana, Baba.

Basi Baraka akaanza boksi lake la darasa la nne. Kufika Novemba, kila tukifika somo la kusoma, tumbo linamuuma. Mtoto aliyezoea kunisomea mabango yote ya barabarani sasa hagusi kitabu. Alikuwa anaanza kuchukia kusoma, na aliyemfanya achukie ni mimi.

Nikapangua kila kitu. Sayansi na historia wanasoma pamoja. Hesabu, kila mtu na kiwango chake. Kusoma, nikamwagizia Baraka vitabu vya darasa la pili, tofauti na vya Neema, na kila mmoja na saa yake, asije mtu akawalinganisha. Kisha nikakata mifuko ya karatasi ya dukani na kuvifunika, kama ulivyokuwa ukitufunikia vitabu vyetu kwa khaki kila shule ikifunguliwa. Nilitaka ile namba mbili ya kwenye jalada isionekane. Nikajiona mjanja kweli.

Jumanne nikamkuta kwenye kochi na kitabu, ile karatasi ameing'oa, iko sakafuni. Nikashtuka, nikaanza kujitetea. "Baraka, hiyo namba hapo juu..."

"I know it's grade two, Mum," akasema bila kuinua macho. "Nilijua from the first day. Wait, nimalize hii page."

Nikaingia jikoni nikalia, kisha nikacheka peke yangu. Aibu niliyokuwa namfichia mwanangu hakuwa nayo hata kidogo. Ilikuwa yangu, nimetembea nayo tangu utotoni hadi Amerika. Ulifanya sawa kunirudisha nijifunze, Baba. Ulikosea kunisomea matokeo mbele ya watu. Hukuwahi kuniomba msamaha, na sasa huwezi tena, kwa hiyo nimekusamehe tu hivyohivyo.

Pumzika salama. Baraka ananiita, anataka nimsikilize akisoma.

Kifungua mimba wako