Alama ya Tarehe Ishirini

Nyumbani,
Chumba cha uani,
27 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu na za Mama. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekuachia? Huku tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri sasa, ila asubuhi bado anatoa kikombe cha Baba, anakitazama, halafu anakirudisha kabatini.

Kuna jambo nilikuficha siku ile kwenye simu, maana ulikuwa unalia. Leo nalitoa.

Mwezi wa nne nilimpeleka Baba kwa daktari wa vifua hapa hospitalini kwetu, yule tunayemwita Mpole kwa sauti yake laini. Asubuhi hiyo Baba alikuwa ametupa pakiti yake jalalani mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Akamwambia, "Daktari, nimechoka na sigara. Nisaidie niache." Mpole akacheka. "Mzee, umri huu uache ili iweje?" Hakuinua hata macho. Baba naye akacheka, kwa aibu. Tulipofika getini akaniomba nimnunulie moja, nami nikamnunulia. Hilo linanitafuna, Kaka.

Sasa sikia. Unajua mimi niko masijala, mafaili yote yanapita mikononi mwangu. Siku hizi kila faili lina kisanduku cha kutia alama: mgonjwa ameshauriwa kuacha sigara. Mwisho wa mwezi alama zinahesabiwa, na Mpole ndiye anayeongoza. Ijumaa hii anapewa cheti mbele ya wafanyakazi wote.

Kumbe huwa anatia alama rundo zima asubuhi, chai ikiwa mezani, kabla mgonjwa hata mmoja hajaingia. Mama wa chai ndiye aliyenipa siri hiyo, na anaona ni kawaida tu. Wenzake Mpole nao ni walewale. Muuguzi mmoja aliniambia wavutaji hawaachi, sasa ajichoshe na maneno ya nini. Zamu yake itafika.

Niliporudi kazini baada ya msiba, nilitafuta faili la Baba ili nilifunge. Unakumbuka tulimzika tarehe nne mwezi huu. Miadi yake ilikuwa tarehe ishirini, na aliyenishikia kazi hakujua, akalipeleka faili pamoja na mengine. Mpole akatia alama. Tarehe ishirini, Kaka. Na pembeni ameandika kwa mkono wake: "Ameshauriwa. Ameahidi kuacha."

Usiniambie nisamehe. Mama ameshaniambia, nikamwitikia tu ili alale. Faili nimelifungia kwenye droo yangu na ufunguo nauvaa shingoni. Ijumaa wakishamaliza kupiga makofi, nitaomba kusema. Sitatukana wala kupaza sauti. Nitamwuliza tu, mbele ya mkubwa wake, yeye na Baba walikutana wapi siku hiyo. Atakiona cha mtema kuni, na cheti chake mkononi.

Nisalimie wifi, na uwabusu watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakuombea kila siku. Mungu akufunike huko uliko, akulindie kifua chako.

Na zile sigara unazovuta ukidhani hatujui, ziache, Kaka yangu. Nakuomba. Angalau wewe umeambiwa ungali hai.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Wa Masijala