Neno Moja Ulilotunyima, Ami

Ami,

Shikamoo hii nakupa kwa kuwa mama alinifunza adabu, si kwa kuwa umeistahiki.

Unaikumbuka siku ile Ibra, mji wa kwao baba, mwanzo wa miaka ya sabini? Ndiyo kwanza tumefika kutoka Unguja, baba tumemwacha kaburini kule. Ili tupate uraia, alitakiwa mtu mmoja tu wa kabila atamke: "Hawa wetu." Mama kakaa nje juani, mimi nimesimama mbele ya wazee. Shekhe wa kabila akakugeukia wewe, ndugu wa baba, tumbo moja. Ukatikisa finjani kwamba kahawa imekutosha, ukasema:

"Allahu aalam, Mungu ndiye ajuaye. Afrika mbali."

Afrika mbali! Na masikio haya niliyonayo, nyumba yenu nzima mnayo. Ulinijua, ami. Ila ungetukubali, ingekubidi utugawie fungu la baba, mitende na zamu yake ya maji ya mfereji wa falaji. Hesabu hiyo uliipiga upesi.

Mama akenda Sur mara tatu kumtafuta mzee aliyekuwa jirani yetu Malindi ya Unguja. Yule, na magoti yake mabovu, akaja na teksi akatushuhudia hata hajaketi. Kabila moja tu, si damu yetu yule.

Mimi nikashika spana ya kuazima. Nikatengeneza pampu za maji Manah, nikafungua duka Nizwa, kisha la pili, kisha la tatu. Nawe walipokuteua mjumbe wa baraza kule Maskati, ukaja dukani na wageni wako: "Huyu mwanetu, damu yetu!"

Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Ehe! Leo kaijua damu? Pampu hizo zimemjulisha."

Na huko barazani, vikao vyote hivyo, wenzako wanasema ulifungua mdomo mara moja: "Naunga mkono." Ilikuwa hoja ya barabara ya Ashkhara, na Ashkhara yenyewe hukuwahi kukanyaga.

Mama alitangulia. Hukuja kuzika.

Jana matangani kwako wazee walikushuhudia mmoja mmoja: mkarimu, muungwana, mjumbe. Mwanao akanigeukia mbele ya watu. "Nawe, bin ammi, sema neno moja. Marehemu ni babako."

Nikatikisa finjani, nikairudisha.

"Allahu aalam," nikasema.

Sikuombei mabaya. Yako sasa yako kwa Mwenyewe, naye hahitaji shahidi.

Mimi,
mwana wa nduguyo, tumbo moja