Hali Yake Si Nzuri, Afike Haraka

Jumatatu, 3 Februari
Betri nimezianika tena juani. Zimechoka kama mimi, ila bado zinasema. Redio ya kilimani imetangaza ng'ombe aliyepotea, mkutano wa wakulima wa ufuta, harusi ya watu nisiowajua. Halafu miziki. Miziki mpaka kichwa kinauma. Mwalimu Bakari angekuwa hai wasingethubutu.

Redio ile tumeijenga sisi. Lilikuwa ghala la ufuta, limejaa popo. Wanawake wa Njinjo tulibeba mchanga wa mtoni vichwani. Wanaume waliuvuta mlingoti kwa kamba, wanaimba kama wanavuta gogo. Siku ya kwanza iliposema tulikimbia nje kuangalia sauti inapotokea. Wajinga sisi. Mwalimu Bakari, mstaafu, ndiye aliyekuwa mtangazaji. Alijua nani ni nani, na nani asisikie nini. Alipokufa tajiri mmoja wa Dar akaichukua, akaleta vijana wake.

Hamisi kalala ndani, tumbo. Ni mtoto wa dada yangu Somoe wa Likawage, kwa hiyo ni mwanangu, anakaa kwangu. Nimemgombeza anywe uji. Kanywa, kautapika.

Jumanne, 4 Februari
Hamisi amekufa alfajiri. Nimemfumba macho mwenyewe.

Baadaye. Dada hajui. Likawage simu mpaka upande kichuguu, na kwa mvua hii nani apande. Nimepiga, haipatikani. Bodaboda wamekataa, maji yamekata njia. Imebaki redio. Dada hakosi matangazo ya mchana hata awe shamba.

Maneno nimeyasema mimi, mwenyekiti wa kitongoji akaandika, akapeleka kilimani: Bi Somoe wa Likawage anaarifiwa kuwa hali ya mwanawe Hamisi si nzuri, afike Njinjo haraka bila kukosa. Ndivyo tunavyosema. Mama hatangaziwi kifo cha mwanawe redioni kama bei ya korosho. Ukisikia "bila kukosa" unajifunga kanga kiunoni, unaanza kulia njiani. Mwalimu Bakari alikuwa anayasoma maneno hayo polepole, ananyamaza kidogo, basi. Watu wazima wameelewa.

Huyu wa sasa anaitwa Jofrey. Nimekaa na maiti, redio iko mlangoni. Kasoma kwa furaha zake zote. Halafu akaongeza ya kwake: "Bi Somoe, usiwe na presha mama yangu. Hamisi anaendelea vizuri, tumtakie afya njema, na wimbo huu umfikie hapo kitandani."

Akapiga muziki wa kucheza. Wa kucheza! Nikaizima kwa ngumi.

Jumatano, 5 Februari
Asubuhi nimepanda kilimani na magoti yangu haya. Nilitaka asome upya. Aseme wazi.

Nje pana gari, wanapakia vitu. Jofrey kanipokea kwa adabu.
"Shikamoo bibi. Mgonjwa anaendeleaje?"
"Mgonjwa anachimbiwa kaburi."
"Lakini bibi, mliandika hali si nzuri tu."
"Ulitaka tuandikeje? Kwenu watu hawafi?"
"Wanakufa, bibi. Kwetu wanasema amefariki."



Alitaka kusoma tena, masikini. Ila hapana pa kusomea. Kipaza sauti kimo ndani ya katoni. Tajiri kasema kuanzia leo hakuna matangazo ya hapa, mlingoti utapokea ya Dar tu. Kwamba vifo na ng'ombe vinafukuza wasikilizaji. Sisi ni nani basi? Ghala lile limebaki na popo.

Tumemngoja dada mpaka laasiri. Niliomba tungoje hadi kesho. Shehe akasema, "Bi Mwanaidi, inatosha, maiti ana haki yake." Tukamzika bila mama yake.

Kwa msiba watu wa Likawage wangemvusha dada hata mgongoni. Tumewavusha wengi. Lakini kwa mgonjwa anayeendelea vizuri, nani aingie kwenye maji?

Ijumaa, 7 Februari
Hitima. Watani wamekuja kufanya yao. Bi Zena kajilaza kwenye mkeka wa wafiwa, kajifunika kanga, anapiga kelele: "Hamisi mchoyo! Hata kifo chake kakificha, mamaye asije kula ubwabwa!" Watu wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani, simlaumu. Lakini mimi nilitoka nikaenda nyuma ya choo, nikalia mpaka kanga ikalowa.

Redio inasema. Dar kuna foleni. Dar kuna mechi. Nimetoa betri.

Jumamosi, 8 Februari
Sina la kuandika. Mvua. Simu haipatikani. Namchukia kila mtu. Ningesema amekufa, neno fupi tu, angekuja. Adabu yetu imeninyima dada yangu siku ya maziko ya mwanawe. Na hakuna wa kumgombeza, Jofrey keshaondoka na katoni zake.

Jumapili, 9 Februari
Maji yamepungua. Dada kaja.

Nilikuwa nachambua mchicha. Nasikia hodi, namuona juu ya bodaboda, matope mpaka kichwani, anacheka. Kapakata tetea na kidumu cha asali. "Mgonjwa wangu yuko wapi? Nimemletea supu, bado inatembea!"

Wanawake wote uani wakaniangalia mimi.

Nikampokea yule kuku. Nikamwambia. Kakataa. Kasema, "Mwanaidi, acha mzaha. Nimesikia kwa masikio yangu, anaendelea vizuri. Redio yetu imesema uongo lini?" Alinikasirikia mimi. Akaingia chumbani kumtafuta, akafunua mpaka chandarua.

Nikamshika mkono mpaka makaburini. Udongo bado mbichi. Hapo ndipo akakaa chini.

Jumanne, 11 Februari
Mchana dada kala vijiko viwili. Nimemsuka nywele, alikuwa ananipa mgongo.

Kaniuliza jambo moja. Saa ile wanasema anaendelea vizuri, Hamisi alikuwaje? Sikumdanganya. Nimesema nilikuwa nimeshamfunga kidevu.

Akafikiri. Akasema, "Mimi saa ile nilicheka. Nikawaita majirani waje wausikie wimbo wake. Tuliucheza."

Kalala mkekani. Nimemfunika kanga, nikakaa kando yake nikimfukuzia nzi.